Udongo Alioleta Wakoli

Shanga ya kwanza ilipasuka saa mbili na nusu asubuhi, ikiwa imetulia zake juu ya gunia, mbali na moto, wala haijaguswa na mtu.

"Ta!"

Agneta ndiye aliyeisikia. Alikuwa ameinama akitafuta sindano yake, akainuka na kutazama huku na huku kama mtu aliyetupiwa jiwe. Ikapasuka ya pili, kisha ya tatu. Kufikia saa tatu wanawake wote wa kikundi cha Mamboleo walikuwa wameacha kazi na kuizunguka ile mikufu iliyotandazwa sakafuni, na hakuna aliyethubutu kuishika.

"Yawa! Mimi sijaona kitu kama hii," Agneta alisema, mkono kiunoni. "Shanga imechomwa Jumamosi, imetoka kwa moto ikiwa mzuri kabisa, halafu Jumatatu inapasuka yenyewe? Hapa iko maneno."

"Pengine ni baridi," alisema Nelima, ambaye siku zote alipenda kutafutia kila jambo sababu ya amani.

"Baridi ya Kisumu hii?"

Siku nyingine wangecheka. Leo hawakucheka. Anyango alikuwa amesimama karibu na mlango, mikono ameificha ndani ya leso yake. Yeye hakuuliza kuna nini. Alijua, au alidhani anajua.

Ghala lile kuukuu la mahindi, nyuma ya kanisa pale njia panda ya Mamboleo, ndilo lililokuwa limemrudisha duniani. Miaka minne nyuma, mwaka wa sabini, alirudishwa kwao kutoka Awasi alikoolewa, na sanduku moja la bati na jina la mwanamke asiyezaa. Mama yake, Mama Dalmas, mfinyanzi aliyejulikana kutoka Katito hadi Kendu Bay, hakumpa pole nyingi. Alimpa bonge la udongo. "Shika hii," alimwambia. "Kama ni kulia, utalia ukifanya kazi."

Vyungu vya Anyango vilikwenda upande, vyote. Lakini makombo ya udongo yaliyobaki aliyaviringisha kwa vidole akayatoboa, akayachoma, akayatunga pamoja na vipande vya pembe ya ng'ombe na waya wa shaba, na siku moja mwalimu mmoja wa kanisani akamvua mkufu shingoni na kumwomba amuuzie pale pale. Ndivyo ilivyoanza. Akaja Agneta, ambaye mume wake alikwenda Kampala akasahau njia ya kurudi. Akaja Nelima, mjane kutoka Bungoma. Wakaja wengine, kila mmoja na lake. Na sasa duka moja kubwa la Nairobi lilikuwa limeagiza mikufu mia tatu kwa mpigo, itakayochukuliwa Jumatatu ijayo. Oda kama hiyo hawakuwahi hata kuiota.

Mikufu hiyo ndiyo iliyokuwa sakafuni ikilia ta, ta, ta, kama bisi kwenye sufuria.

Anyango alitazama barabarani. Lori lilikuwa halijaonekana bado. Laiti lisije leo, alijiambia. Na papo hapo akajichukia, kwa maana alikuwa ameamka gizani kwa hamu ya kulisikia likija.

Lori lenyewe lilikuwa la ndizi, na dereva wake ni Wakoli. Kila Jumatatu Wakoli alikwenda Kisii kupakia, na kila Jumatatu alipitia Mamboleo. Barabara ya Kisii haipiti Mamboleo. Hata mtoto mdogo wa Kisumu anajua hivyo, na wanawake wa ghalani walijua zaidi. "Draiva amepotea tena," walikuwa wakisema kila waliposikia honi, na Anyango angejifanya anahesabu shanga huku shingo yote imemwiva. Mwaka mzima ulikuwa umepita hivyo. Wiki iliyopita Wakoli alikuwa amesema la kusema: Jumamosi hii wazee wake wanataka kutoka Bungoma waje wabishe hodi nyumbani kwa mama yake, kuposa. Alichotaka kwake ni neno moja tu, ndiyo au hapana, na angelifuata leo.

Mbona basi amejaa hofu? Kwa sababu ya magunia matatu.

Ilikuwa hivi. Mama Dalmas alikuwa matangani Kendu Bay, wiki ya pili sasa, na udongo ukawaishia katikati ya oda. Anyango alilalamika mbele ya Wakoli kama mtu anavyolalamikia jua, bila kuomba kitu. Jioni ya Jumanne lori likasimama mlangoni. Wenzake walikuwa wameshakwenda nyumbani. Wakoli akaruka chini, matope hadi magotini, anacheka kabla hata hajasema.

"Nimekuletea," alisema, akafungua gunia la kwanza.

"Umetoa wapi?"

"Katito, pale mtoni mnapochimbaga nyinyi. Nilipita nikitoka Kisii. Shimo lenu lilikuwa limejaa maji, nikasogea kando kidogo nikachimba mwenyewe. Angalia mikono! Nimetoka malengelenge kama mwanafunzi wa siku ya kwanza."

Mwanamume hachimbi udongo wa kufinyanga. Hasogelei hata shimo. Mama yake alifundishwa hivyo na bibi yake, na bibi yake na bibi yake tena. Wanaume wa Katito nzima wanapokaribia pale mtoni huzunguka mbali na kuangalia upande wa pili. Wakoli angejulia wapi? Kwao alikokulia hapakuwa na mfinyanzi hata mmoja.

Alifungua kinywa amwambie. Lakini aliiona ile mikono, kucha zimejaa matope, na uso uliokuwa unangoja kuambiwa asante. Katika ndoa yake yote ya miaka mitano hakuna mtu aliyewahi kumchimbia hata kiazi.

"Asante," alisema. "Asante sana, Wakoli."

Kesho yake wenzake walipouliza, alisema udongo umetumwa na shangazi yake wa Katito. Uongo ulitoka laini, bila kikwazo, naye akashangaa jinsi ulivyokuwa rahisi.

"Anyango!" Agneta sasa alikuwa akimkodolea macho. "Wewe ndiye katibu. Sema kitu."

Kabla hajasema, kivuli kilijaa mlangoni. Alikuwa Mama Dalmas, mfuko wa safari bado begani, vumbi la Kendu Bay bado miguuni. Alisalimu, hakuna aliyeitikia vizuri, naye akaona mikufu.

"Nini hii?"

Wote wakaanza kusema kwa pamoja. Mama Dalmas aliinua mkono mmoja, wakanyamaza.

"Udongo ulitoka wapi?"

"Katito," Nelima alijibu. "Ulitumwa na shangazi ya Anyango."

"Shangazi gani?"

"Huyo wa Katito, Mama."

Mama Dalmas aligeuka polepole akamtazama binti yake. "Wifi yangu wa Katito nilikuwa naye matangani hizi wiki mbili zote. Tumelala mkeka mmoja. Alikutumia udongo akiwa wapi, nyathina, mwanangu?"

Shanga moja ikapasuka. Anyango alitazama chini, akatazama mlango, akatazama mikono ya Nelima iliyoziba kinywa. Angeweza kuongeza uongo wa pili. Ulikuwa tayari pale ulimini. Lakini alikuwa amechoka. Tangu Jumanne hakuwa amelala usingizi wa maana, chakula kilikuwa hakipiti, kila kicheko cha wenzake kilimchoma. Akapiga moyo konde.

"Ulichimbwa na Wakoli," alisema.

"Nani?"

"Wakoli, Mama. Alichimba yeye mwenyewe kwa mkono wake. Yeye hakujua. Mimi nilijua."

Agneta alipiga makofi mara moja, kofi kavu. "Mwanaume! Mwanaume amechimba, na wewe ukatuwekea mbele tukakanda! Mimi na watoto yangu wanne! Anyango, ulitudanganya kwa ajili ya mwanaume?"

"Ndiyo."

"Unasema ndiyo hivi hivi?"

"Nitasema nini kingine, Agneta? Nilidanganya. Oda ilikuwa inaharibika, na… na sikuweza kumwambia arudishe. Alikuwa amefurahi." Akawageukia wote. "Nampenda. Mnajua wote, mnanicheka kila Jumatatu. Basi ndiyo hivyo. Nampenda, na kosa ni langu."

Wanawake wengine waliinamisha nyuso. Mwaka huo wa sabini na nne, mwanamke wa heshima hakutamka neno hilo mbele ya mama yake, tena kwa sauti. Mama Dalmas hakuinamisha uso wake. Aliweka mfuko chini.

"Huyo jamwa, huyo mgeni wa ndizi," alisema. "Nilikukataza Pasaka. Nilikukataza tena kabla niende matangani. Lugha yake hatujui. Mama yake hatumjui. Nilikupokea mara moja na sanduku lako la bati, Anyango. Usiku kumi na nne nililala karibu na wewe nikisikia unavyolia. Mimi sina nguvu ya kukupokea mara ya pili."

"Hajanirudisha bado, Mama."

"Atakurudisha! Hata yule wa Awasi alikuwa anacheka vizuri mwanzoni."

Hapo ndipo honi ilipolia. Mara mbili fupi, moja ndefu, kama kawaida yake. Hakuna aliyesema draiva amepotea. Injini ilizimwa, mlango wa lori ukabamizwa, na Wakoli akaingia na shati jipya jeupe ambalo halikuwa la kupakia ndizi hata kidogo. Alikuwa amenyoa. Alikuwa amekuja kuchukua jibu lake, maskini, na akawakuta wanawake tisa na mama mkwe asiyemtaka wakimtazama kama waliomfumania.

"Hamjambo akina mama," alisema. Tabasamu likamfia mdomoni. "Kuna msiba?"

"Wewe," Agneta alimwambia. "Ni wewe ulichimba udongo Katito?"

Wakoli alimtazama Anyango. Anyango alitikisa kichwa kidogo, si kumkataza, bali kumwambia asihangaike kumficha. Akaelewa.

"Ni mimi, mama. Kwani ilikuwa shamba ya mtu?"

"Mwanaume hachimbi! Ni mwiko! Angalia sasa!"

Alitazama mikufu, shanga zilizobanduka na vipande vidogo vilivyotapakaa kwenye gunia. Alichuchumaa, na uso wake mpana ukakunjamana. Anyango alitamani kumwendea. Miguu ilimwasha. Alibaki alipokuwa.

"Mbona hukuniambia?" Wakoli alimwuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba wako wawili tu.

"Ulikuwa umejichubua mikono."

"Anyango, hata ningekuwa nimevunjika mguu, ungeniambia. Ningemwaga pale pale barabarani. Wewe ulifikiri mimi nitakasirika?"

"Nilifikiri utaacha kufurahi."

"Ah." Alisugua kichwa. "Basi leo nimeacha."

Neno hilo lilimwuma Anyango kuliko yote ya Agneta. Wakoli alisimama, akamgeukia Mama Dalmas, akaifumbata mikono yake mbele kama mtu aliye kanisani.

"Mama, mimi nimekosa. Kwetu hakuna hii desturi, lakini ningeuliza kwanza. Mnisamehe. Yeye msimguse. Kama kuna kitu ya kufanya ili hii mwiko iondoke, mniambie, nitafanya."

"Kitu ni moja," Agneta alidakia. "Aachane na wewe. Ama atoke kwa hii nyumba. Sisi hatuwezi kuchoma tena na hiyo laana katikati yetu. Na ufunguo ya stoo atoe sasa, mimi simwamini."

Wengine hawakumpinga. Hata Nelima. Anyango alivua uzi wa ufunguo shingoni, akamwekea Agneta kiganjani. Kati ya ghala hili na mtu yule wa shati jeupe, achague. Aliwatazama wenzake aliokaa nao miaka hii yote, aliowashika walipozaa na walipofiwa. Akamtazama Wakoli. Hakuona hata njia moja ya kupita.

Mama Dalmas, wakati huo, alikuwa amepiga magoti sakafuni.

Alikuwa ameokota shanga moja iliyopasuka na kuisogeza karibu na mwanga wa mlangoni. Akaokota nyingine, na nyingine. Anyango alimjua mama yake anaposhika udongo; ni kama mama mwingine hulala na huyu huamka. Alimwona akikwaruza kwa ukucha kishimo kilichobaki shanga ilipopasuka, akatia kipande mdomoni, akakisaga kwa meno, akatema. Kisha akatulia, ameinama vile vile.

Amejua kitu, Anyango aliwaza.

Mama Dalmas aliinua macho yakakutana na ya binti yake, na katika nukta ile Anyango alisoma kila kitu usoni pale, kama alivyosoma tangu utotoni. Mama yake alikuwa na neno, na hakutaka kulisema. Kama angenyamaza tu, Agneta angemaliza kazi. Wakoli angepanda lori lake aende Kisii kwa barabara iliyonyooka, asipotee tena maisha yake yote. Kila alichoomba Mama Dalmas tangu Pasaka kilikuwa mkononi mwake. Alichotakiwa ni kunyamaza.

Mama yule alishusha pumzi ndefu, ya hasira.

"Ni chokaa," alisema.

"Nini?" Agneta aliuliza.

"Njoo uone. Kila mahali imepasuka iko na nukta nyeupe ndani. Ona. Na hii. Na hii." Alizitupa moja moja juu ya gunia. "Ni vijiwe vya chokaa. Ukichoma, vinanyamaza. Halafu vinakunywa unyevu wa hewa, siku moja, mbili, vinavimba, vinapasua. Ndiyo maana mama yangu alichagua pale tunachimba. Ukisogea kando hatua kumi tu, kila kitu ni chokaa. Huyu mtu alichimba kando."

"Kwa hivyo si mwiko?" Nelima alisema kwa pumzi.

"Mwiko ni mwiko. Hakupaswa kwenda na hatakwenda tena. Lakini hii shanga," akagonga sakafu kwa kidole, "hii shanga ingechimbwa na mwanamke, ingechimbwa na mimi mwenyewe, ingepasuka hivi hivi. Vyungu vyangu vimejaa Nyanza nzima. Siwezi kusimama hapa nidanganye juu ya udongo."

Alisema maneno ya mwisho kwa uchungu, kama mtu anayelipa, na machozi yakamjaa Anyango pasipo yeye kutaka. Alimwendea, akapiga magoti mbele yake.

"Asante, Mama."

"Usinishukuru. Mimi nimesema habari ya udongo. Habari ya huyu sijasema."

"Basi nitasema mimi." Anyango alijifuta uso kwa leso, akabaki pale pale magotini, lakini uso akaugeuza kwa Wakoli. Alishangaa kusikia sauti yake imetulia. "Uliniuliza neno moja. Jibu ni ndiyo. Wazee waje Jumamosi. Na ukiniletea kitu kibaya tena, nitakwambia ni kibaya, hata kama una malengelenge mpaka kwenye kope."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajiziba kinywa. Wakoli hakucheka. Alimtazama Anyango kwa muda, na kile alichokuwa amepoteza usoni kikaanza kumrudia kidogo kidogo, kwa wasiwasi, kama hakuamini kimeruhusiwa.

"Nimesikia," alisema.

Agneta aliutia ufunguo shingoni mwake. "Mimi huu nitakaa nao mpaka oda iishe," alisema, sauti imepungua makali ila haijaisha. "Ulitudanganya, Anyango. Hiyo chokaa haijafuta."

"Kaa nao," Anyango alijibu. Ilimwuma, na ilikuwa haki.

"Na hiyo oda yenyewe?" Nelima aliuliza. "Leo ni Jumatatu. Udongo hatuna. Basi ya Katito imeshaondoka."

Mmoja baada ya mwingine, wakageuka kutazama nje, kule lori lilikosimama kando ya barabara.

Mama Dalmas ndiye aliyekuwa wa mwisho kugeuka. Alilitazama lori kwa muda mrefu, bila upendo. Kisha akainuka kwa kushika bega la binti yake, akaokota jembe kutoka ukutani, akakusanya magunia matupu, akatoka nje bila kuaga. Walimwona akifungua mlango wa lori, akijivuta juu kwa taabu, akiketi. Anyango alimfuata mbio. Mama yake hakumwachia nafasi ya katikati. Alijisogeza akamwachia ukingo wa dirishani, na yeye akabaki katikati, jembe limesimama kati ya magoti, bega moja kwa Wakoli na bega moja kwake.

Wakoli alipanda upande wake. Hakujua aweke macho wapi, wala kiwiko.

"Katito utasimama barabarani," Mama Dalmas alimwambia, akitazama mbele. "Hutashuka. Hutaangalia mtoni. Tukileta magunia, utapakia, basi."

"Ndiyo, Mama."

"Na hao wazee wako."

Wakoli akasahau kuwasha injini.

"Wasije asubuhi," Mama Dalmas alisema. "Jumamosi asubuhi ninachoma shanga, sitaacha moto kwa ajili ya mtu yeyote. Waje saa kumi, nikishanawa."